Kiboksi cha LED cha soko la Kenya: kizuri, ila usirudi nyumbani bila rezistansi

Mimi ni mshonaji, si fundi wa redio. Lakini delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, ya hapa Lubumbashi imenitia kwenye mambo ya waya, na usiku naweka kitambaa kando nashika pasi ya kuchomelea. Kwa hiyo haya ni maoni ya mtu anayenunua LED, vile vitaa vidogo vyenye miguu miwili, kwa pesa ya cherehani, kwenye meza za vifaa vya elektroniki za soko la Kenya. (Kenya ni komini ya hapa mjini, msinitafute Nairobi.)

Ninachokisema ni kile kiboksi cha plastiki chenye vyumba vitano: nyekundu, njano, kijani, bluu na nyeupe, zote za milimita 5. Muuzaji alianzia dola sita, tukaelewana kwa nne. Kwa wingi wa vilivyomo, bei haina ugomvi.

Kijana huyo nimsifu kwanza. Ana kibatri cha CR2032, bapa kama kifungo cha koti, na anapima mbele ya macho yako. "Mama, angalia mwenyewe," anabana miguu ya LED, ule mrefu upande wa chanya, inawaka. Iliyokufa anaitupa na kukupa nyingine. Kuna meza nyingine pale ambazo hata mfuniko hawakuruhusu kufungua.

Shida ni kwamba kipimo hicho kinadanganya bila muuzaji kusema uongo. Mteja ameona LED inawaka bila kitu kingine, anafika kwake anaiunga moja kwa moja na batri ya solar ya volti 12. Inang'aa mara moja, basi, imekwisha. Kibatri kile kina ukinzani wake chenyewe ndani, yaani kinazuia umeme, hakiwezi kusukuma mkondo mkubwa. Batri ya gari au ya solar inaweza. Na LED haina tabia ya ampulu (balbu) ya zamani, ambayo uzi wake ukipata moto ukinzani unapanda na kuizuia. LED ikishafika volti yake, ukiongeza volti kidogo tu mkondo unaruka juu sana. Rezistansi kwenye mstari huohuo ndiyo inayouzuia. Kijana anazo, ziko chini ya meza, lakini hazitaji mpaka uulize.

Kijikaratasi cha ndani kinasema "3V" kwa rangi zote. Si kweli. Nyekundu na njano zinataka karibu volti 2. Bluu na nyeupe zinataka kati ya 3 na 3.4, tena kwa sababu moja: nyeupe ni bluu iliyofunikwa unga wa njano. Nyekundu ya mvumbuzi Nick Holonyak iliwaka mwaka 1962, lakini bluu yenye mwanga wa maana ilingojwa mpaka miaka ya 1990, na watafiti Akasaki, Amano na Nakamura walipewa Nobeli ya fizikia kwa ajili yake mwaka 2014. Kijani kuna za aina mbili, za volti 2 na za volti 3. Hizi nimezipima, ni za 3.

Sasa taa ya cherehani. Nimeweka nyeupe mbili kwenye mstari mmoja na rezistansi ya omu 470 (omu ni kipimo cha ukinzani), ya robo wati. Batri ikiwa na volti 12, LED zinachukua 6.4, zinabaki 5.6, gawanya kwa 470, unapata kama miliampea 12. Mwipwa wangu, anayesoma ufundi, alitaka tatu na omu 120, na hesabu yake ilikuwa safi: miliampea 20 kamili, kikomo cha kawaida cha LED hizi. Lakini batri ya solar haikai kwenye 12. Adhuhuri paneli ikichaji inaweza kufika 14.4, na hapo mstari wake ungepitisha 40. Wangu unapitisha 17. Ukitaka tatu, weka omu 240: utapata 20 jua likiwa kali na 10 usiku. Ni hasara ya nishati kwenye mbili zangu, nakubali, karibu nusu ya volti zote inaishia kwenye joto la rezistansi, lakini mwanga haubadiliki sana na mimi nataka kuona mshono. Mistari ikiwa mingi, kila mmoja upewe rezistansi yake. Usiifunge yote kwenye rezistansi moja.

Kasoro za kiboksi chenyewe ni mbili. Vichwa vyote ni vya plastiki angavu isiyo na rangi, hujui rangi mpaka iwake, na kuta za vyumba ni fupi. Nilirudi nyumbani Katuba kwa pikipiki. Bluu, nyeupe na njano zilifika zimeoana. Pili, nyeupe yake ni ya baridi, imeelekea ubluu. Kushona mstari ulionyooka inatosha kabisa. Kuchagua uzi mweusi na ule wa bluu iliyokolea, hapana, hiyo kazi nangoja asubuhi.

Anayetaka mwanga tu bila hesabu achukue utepe wa volti 12 unaouzwa kwa mita, rezistansi zimo tayari na unakatwa kila LED tatu, penye alama. Mimi kiboksi nitakirudia. Ila zile za bluu, mwenye kazi nazo aje azichukue.