Skrubu imelegea, lawama nikabebeshwa mimi: uzoefu wangu na fundi aliyenifungia saiti ya nukta nyekundu

Naanza na jibu nililopewa kaunta, maana ndilo lililonifanya niandike. Nilirudisha bastola nikaeleza kwamba risasi zinahama: mwanzo wa mazoezi zinakaa katikati, baada ya magazini sita au saba zinalala kushoto, mwisho zinapanda juu. Fundi hakuishika. Hakuuliza nilikuwa napiga umbali gani. Akasema, mbele ya wateja wawili: "Saiti iko sawa, bosi. Mkono wako ndio unatetemeka. Ongeza mazoezi."

Skrubu kulegea nasamehe. Slaidi ya bastola ya milimita 9 hurudi nyuma ikagonga, ikaenda mbele ikagonga tena, na saiti, kile kioo kidogo chenye nukta ya kulengea, imekaa juu yake inapokea kila pigo. Fundi yeyote aliyefunga saiti nyingi ameshaona skrubu ikilegea. Lakini kumwambia mpigaji kwamba kosa ni mkono wake, bila hata kugusa chombo, ni kumtuma akatengeneze kitu kizima. Unarudi uwanjani unabadilisha mshiko. Unaminya zaidi kwa mkono wa kushoto, unasogeza kidole kwenye triga, unahamisha uzito wa mwili mbele. Maboksi ya risasi yanaisha, na kila boksi linakufundisha kosa jipya la kufidia skrubu ambayo haijakazwa. Tabia hiyo kuivunja ni kazi kuliko kuijenga.

Kutenganisha saiti iliyolegea na mkono mbaya kunataka risasi 30 tu. Weka shabaha mita 25, kaa kwenye meza, laza mikono juu ya mfuko wa mchanga, piga kumi polepole. Pumzika. Piga kumi nyingine, kisha kumi za mwisho, na kila kumi zizungushie kalamu ya rangi yake. Mpigaji wa mkono wa kulia anayestuka, au anayeinyakua triga, kwa kawaida hutupa risasi chini kushoto, nazo hutawanyika: moja katikati, mbili chini, nyingine imekwenda huko. Saiti iliyolegea huacha sura tofauti. Inakupa kundi dogo zuri hapa, halafu kundi dogo zuri pale, kana kwamba wamepiga watu wawili na wote ni hodari. Makundi yangu mawili yalifunikwa na kiganja kila moja, na kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jingine ilikuwa karibu sentimita 15. Kwenye saiti nyingi kliki moja, yaani hatua moja ya kurekebisha nukta, ni dakika moja ya pembe, yaani milimita 7 na kidogo kwa mita 25. Sentimita 15 ni kliki 20. Mkono unaotetemeka hauhami kliki 20 ukatua palepale mara kumi mfululizo.

Kama bado una shaka, mwenzako akupakilie magazini achanganye risasi bandia mbili tatu bila wewe kujua zimekaa wapi. Ukivuta triga kwenye risasi bandia na mdomo wa bastola ukainama, kosa ni lako, kubali. Ukibaki umetulia, tafuta bisibisi. Na mwenye saiti ndefu za chuma zinazoonekana kupitia kioo azoee kukumbuka nukta inakaa wapi juu yake. Ikibadilisha mahali na macho yako yako palepale, jibu umelipata kabla ya kupoteza risasi hata moja.

Hayo yote fundi wa saiti anayajua au anatakiwa kuyajua. Yeye alichagua kunitazama mkono.

Nyumbani nilitoa magazini, nikakagua chemba kwa jicho na kwa kidole, nikavua slaidi. Saiti ilicheza. Skrubu ya kushoto ilizunguka kwa kucha. Gundi ya skrubu ilikuwepo, tena nyingi, ile ya buluu, lakini ilikuwa bado mbichi na laini kama asali, imechanganyika na mafuta. Hapa ndipo niliposhindwa kumtetea. Gundi hii hugandia penye chuma pasipo na hewa. Penye mafuta ya kulainisha hukawia, na mara nyingine haishiki kabisa. Zipo zinazovumilia mafuta kidogo, kama Loctite 243, lakini kuvumilia kidogo si kuogelea. Halafu gundi hiyo inataka saa 24 kufikia nguvu yake yote. Mimi nilikabidhiwa bastola ndani ya nusu saa, nikaambiwa "tayari, kapige".

Kazi yenyewe haina siri. Skrubu na matundu yake husafishwa kwa asitoni au spiriti safi, yakaachwa yakauke kabisa. Kitambaa kikavu peke yake hakitoshi, maana mafuta hubaki ndani ya mizingo ya tundu. Pleti, lile bamba linalobeba saiti, hukaa juu ya slaidi bila kucheza. Ukiweza kuisogeza mbele na nyuma kabla ya kufunga, skrubu ndizo zitakazobeba pigo lote, na zitakatika. Tone moja dogo la gundi kwenye mizingo ya skrubu linatosha, si kwenye tundu, kwa sababu tundu lililozibwa chini hukusanya gundi, na skrubu ikikutana na gundi hiyo haifiki mwisho ingawa bisibisi inakuambia imekaza. Kisha unakaza kwa bisibisi yenye kipimo cha toki, yaani nguvu ya kuzungusha, kwa kiwango cha mtengenezaji wa saiti. Nyingi huangukia kati ya inchi-pauni 12 na 15, kama niutoni-mita 1.4 hadi 1.7. Hicho ni kiasi kidogo sana. Mkono wa fundi aliyezoea magari huzidisha mara mbili, na skrubu nyembamba hivi hukatika kichwa. Unakaza kushoto kidogo, kulia kidogo, mpaka zote zifike. Mwisho unachora mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye mwili wa saiti. Mstari ukivunjika, skrubu imezunguka. Kichupa cha rangi ya kucha bei yake ni ndogo kuliko risasi chache, na kingemzuia fundi huyu kunitukana, kwa sababu ushahidi ungekuwa umechorwa.

Nilimrudishia, kwa sababu nilikuwa nimeshalipa. Na kila safari ya namna hii ni leseni mkononi, silaha ndani ya kasha, foleni ya Nairobi, hakuna kupitia sokoni. Hakuomba radhi. Alitoa skrubu mbili nilizokuja nazo, akachovya mkono kwenye kopo la skrubu mchanganyiko, akachagua ndefu zaidi. Nilipouliza kwa nini, akasema, "Ndefu ndiyo inashika."

Kosa hili ni kubwa kuliko lile la gundi, na ningependa kila mwenye Glock ya MOS, ile ambayo slaidi yake imechongwa kiwandani kupokea saiti ya nukta, alisome mara mbili. Kwenye slaidi hizo tundu la upande wa kulia, upande yanakotokea maganda, liko juu ya njia ya kijiti cha springi kinachoikandamiza ndoano inayovuta ganda. Skrubu ikizidi urefu kidogo tu, ncha yake inapenya mpaka kwenye njia hiyo na kukibana kijiti. Kwa macho huoni kitu. Saiti imekaa imara, nukta haihami, fundi anajisifu. Lakini ndoano sasa haina uhuru wa kufunguka na kushika ukingo wa ganda. Bastola inapiga tano, kumi, kisha ganda linabaki ndani ya chemba na risasi mpya inakuja kuligonga mgongoni.

Kuhakikisha, vua kibati cha nyuma ya slaidi, vuta kijiti na springi yake. Vinapaswa kutoka kwa ulaini na kurudi kwa ulaini. Vikikwama, legeza skrubu ya kulia mizunguko miwili, jaribu tena. Vikiachia, mwizi umemkamata. Vyangu viliachia.

Wasiopiga mashindano watasema ni ganda moja limekwama, litoe uendelee. Nipigie hesabu nami. Katika IPSC, mashindano ya kimataifa ya kupiga shabaha kwa kasi, alama zako hugawanywa kwa sekunde zako. Chukua kikwazo, yaani hatua moja ya mashindano, cha risasi 12, shabaha sita za karatasi, mbili kila moja. Bastola ya milimita 9 ya daraja la Production Optics, la bastola za kiwandani zenye saiti ya nukta, huhesabiwa kwa nguvu ndogo: kanda ya A katikati ya shabaha ni alama 5, C inayoizunguka ni 3, D ya pembeni ni 1. Ukipata A zote kwa sekunde 9, ni 60 kugawanya kwa 9, kipimo chako 6.67. Ganda likikwama, unafunga slaidi nyuma, unang'oa magazini, unavuta slaidi mara tatu, unaweka magazini, unapakia. Mwenye mikono myepesi hutumia sekunde 5. Alama ni zilezile 60, sasa kwa sekunde 14: 4.29. Zaidi ya theluthi ya kikwazo imekwenda na skrubu. Saiti iliyohama nayo haina huruma. Kanda ya A ina upana wa sentimita 15, kwa hiyo kutoka katikati hadi ukingo ni 7.5 tu. Nukta ikidanganya kwa sentimita 15, hata C huna uhakika nayo, na kila risasi iliyokosa karatasi inakunyima 5 na kukutoza 10 juu yake. Mbili zikikosa, 60 zinakuwa 30.

Na hesabu hiyo haijagusa kichwa. Faida yote ya nukta nyekundu ni kwamba macho yanakaa kwenye shabaha. Unatazama sehemu ndogo unayotaka kuipiga, bastola inapanda, nukta inatokea pale unapotazama, unavuta. Siku unapoacha kuiamini, macho yanarudi kwenye kioo kuikagua nukta, yanakwenda kwenye shabaha, yanarudi tena. Mpigaji wa namna hiyo anatambulika hata kwa kumsikiliza: risasi ya kwanza inachelewa, ya pili inachelewa zaidi. Mpango alioukariri alipokagua kikwazo kabla ya kupiga, wapi asimame, wapi abadilishe magazini, unafutika, kwa sababu akili imeshikwa na swali moja tu: je, itapiga ninapoelekeza? Magazini ya Production Optics huanza na risasi zisizozidi 15, hivyo kila risasi ya kusahihisha inavuruga pia mahali pa kubadilisha. Fundi anayekabidhi chombo anakabidhi na utulivu huo. Huyu alinipa shaka, kisha akaniambia shaka hiyo nimezaliwa nayo.

Sasa lazima niseme kitu ambacho sikupenda kukisema. Triga ya bastola hiihii aliitengeneza yeye, muda kidogo kabla ya haya, na ni kazi safi. Bila kubadilisha kipuri hata kimoja cha kiwandani, aling'arisha vyuma vinavyosuguana, akaondoa ule mkwaruzo wa katikati ya mwendo, na mizani inasoma kilo 1.5 kila ninapopima. Kiwango cha chini kwa kila mpigo daraja letu ni 1.36, kwa hiyo aliacha nafasi ya mizani ya mwamuzi kutofautiana na yake. Fundi asiyejua mashindano angeipeleka hadi 1.3 na ungetolewa kwenye daraja lako. Triga inarudi kwa sauti, inajishika palepale, na haijawahi kunisumbua. Mikono hiyo inajua kazi. Nilipokuwa naandika sehemu hii nilikaribia kufuta ile ya juu na kumwekea nyota nne.

Lakini ndivyo ilivyo mbaya zaidi. Anayepima triga kwa gramu anajua maana ya kipimo, na bado saiti aliikaza kwa mkono mtupu. Ujuzi alikuwa nao, akanitolea uvivu na mdomo. Kwa triga mpelekee, nasimamia maneno hayo. Kwa saiti, usimpelekee, au ukimpelekea simama hapohapo umwone akisafisha matundu, umwulize kiwango cha toki, uondoke bila kupiga hadi kesho yake. Akikasirika, chukua bastola yako.

Mimi nilinunua skrubu za urefu sahihi, nikafunga mwenyewe kwa utaratibu nilioueleza, nikaweka nukta upya kwa mita 20. Nimeshapitisha zaidi ya risasi 600. Mistari ya rangi ya kucha haijavunjika, kijiti kinateleza, makundi yamerudi kuwa moja, na mkono ni uleule.

Nyota mbili, zote za triga. Zile skrubu mbili za awali zilizokuja na saiti yangu alibaki nazo kaunta. Nimemwandikia mara tatu anirudishie. Hajajibu.