Maabara ya Sinza na majibu ya figo: nyota nne, ya tano wameipoteza kwenye simu

Nimezunguka na baba kwenye maabara kadhaa hapa Dar kwa ajili ya figo, na hii ya Sinza ndiyo ya kwanza kutupa majibu ambayo unaweza kuyaweka pembeni ya majibu ya zamani na ukaelewa kitu. Jina silitaji, maana nina malalamiko nao pia na sitaki ugomvi.

Baba ana miaka 68, fundi seremala, presha anayo siku nyingi na anatumia losatani. Daktari wake anataka kreatinini, yaani taka ya misuli ambayo figo huitoa kwenye damu, ipimwe mara kwa mara. Sindano baba haogopi, anachoogopa ni karatasi. Karatasi ya maabara tuliyokuwa tukienda zamani ilisoma kreatinini 1.4, na eGFR, yaani lile kadirio la kiasi ambacho figo zinachuja kwa dakika, 61. Tulipohamia Sinza ikaja kreatinini 118, eGFR 58. Baba kuona 1.4 imegeuka 118 akanyamaza, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama Muhimbili bado wanapokea watu wapya wa kusafishwa damu.

Hapa ndipo walipopata nyota zao. Kijana wa maabara alitoka dirishani, akamwamkia shikamoo, akavuta kiti akakaa naye. Akafungua kikokotoo kwenye simu, akazidisha 1.4 kwa 88.4, akamwonyesha: 123.8. "Mzee wangu, kule wanaandika miligramu kwa desilita, sisi tunaandika maikromoli kwa lita. Ulikuwa na 124, leo una 118. Na hizo sita zilizopungua usizifurahie sana, kreatinini ya mtu hupanda na kushuka kiasi hicho bila sababu yoyote."

"Kumbe wenzenu walinipima kwa inchi, ninyi mkapima kwa sentimita," baba akasema, na rangi ikamrudi usoni.

Mimi sikuridhika. Kreatinini ikishuka, eGFR inatakiwa ipande. Iweje kreatinini imeshuka na eGFR nayo imeshuka, tena imevuka chini ya 60, mpaka ambao kila mtu anautaja kwa hofu? Kijana akaomba ile karatasi ya zamani, akanionyesha maandishi madogo chini kabisa: MDRD. Kumbe eGFR haipimwi, inakokotolewa kutoka kreatinini, umri na jinsia, na fomula ziko zaidi ya moja. Hiyo MDRD ilitengenezwa kwa takwimu za wagonjwa wa Marekani, na ukiwa mtu mweusi jibu lako linazidishwa kwa 1.212. Mwaka 2021 fomula ya CKD-EPI ilitolewa upya bila kipengele cha rangi, na hiyo ndiyo wanayotumia Sinza. Akaipitisha ile 1.4 ya baba kwenye zote. MDRD bila kuzidisha: 50. MDRD ikizidishwa: 61. Fomula ya 2021: 55. Damu ileile ya baba! Kwa hiyo kwa fomula moja baba alitoka 55 akaja 58, wala hajavuka mpaka wowote siku hiyo. Chini ya 60 alikuwako tangu kule, ila karatasi ilimficha.

Ndiyo, hiyo si habari njema kabisa. Lakini afadhali kujua uko wapi. Daktari wake alitueleza kwamba namba moja chini ya 60 haimfanyi mtu kuwa mgonjwa sugu wa figo, hali hiyo inatakiwa idumu zaidi ya miezi mitatu, na mkojo nao utazamwe kama unapitisha albumini, protini ya kwenye damu. Ya baba imedumu, kwa hiyo yuko hatua ya tatu, ile ya mwanzo, kati ya 45 na 59. Albumini yake iko chini ya 30, na daktari kasema hiyo ni dalili nzuri.

Kitu kingine ninachowapendea ni maswali kabla ya kutoa damu. Jana usiku umekula nyama? Asubuhi je? Umetumia dawa ya maumivu wiki hii? Septrin? Siku moja baba alikiri kwamba ametoka kupiga supu na chapati mbili pale kona. Wakamrudisha nyumbani, aje kesho, kwa sababu nyama iliyopikwa hupandisha kreatinini kwa saa kadhaa. Alinuna njia nzima. Septrin wanaiuliza kwa sababu dawa moja iliyomo ndani yake inazuia figo kutoa kreatinini kwenye mkojo, namba inapanda wakati uchujaji uko palepale. Dolutegraviri, dawa ya VVU ambayo ndugu zetu wengi wanaitumia, ina tabia hiyohiyo.

Diklofenaki, ile dawa ya maumivu, ni habari nyingine, hiyo inaweza kuziumiza figo kweli. Baba aliumwa mgongo baada ya kubeba mbao, akanunua vidonge duka la dawa bila kutuambia, akavimeza wiki nzima juu ya losatani. Kreatinini ikaja 161, eGFR 40. Sinza hawakungoja niende kuchukua majibu. Walinipigia: "Dada, mzee kaandika diklofenaki kwenye fomu, na namba imeruka. Mpelekeni kwa daktari leo leo." Daktari akaisimamisha dawa, na tulipopima tena ikawa 121, eGFR 56. Bila lile swali kwenye fomu tungeamini figo zimekufa ghafla.

Karatasi yao pia ina safu za majibu yaliyopita, tarehe kwa tarehe, kwa kipimo kimoja. Chini wanaandika fomula na njia ya kupimia. Wao wanatumia njia ya kimeng'enya. Ile ya Jaffe, ambayo ni ya tangu karne ya 19 na ni nafuu, huweza kuhesabu vitu vingine vya kwenye damu kana kwamba ni kreatinini, kwa hiyo ukihamahama maabara unaweza kuona mabadiliko ambayo hayako mwilini mwako. Ndiyo maana sisi hatuhami tena, hata tukisikia kuna punguzo la bei mahali.

Sasa malalamiko. Majibu wanayotuma kwenye simu hayana zile safu. Unapata namba ya leo tu, na herufi H nyekundu pembeni, yaani namba iko juu. Kaka yangu yuko Mwanza, alitumiwa hiyo H, na kabla sijafika nyumbani ukoo mzima ulikuwa umeshaanza kuchangishana. Nimewaambia zaidi ya mara moja, wanasema mfumo ndio ulivyo. Mfumo si umetengenezwa na watu?

Albumini ya mkojo hawapimi wenyewe, wanapeleka nje, majibu yanachelewa. Bima ya baba hawaipokei. Na dada wa mapokezi ana kipaji cha kukuuzia kifurushi kizima wakati daktari ameandika kreatinini na chumvi za damu. Mpe karatasi ya daktari, mwambie ni hivyo tu, hatakasirika.

Mkienda, bebeni karatasi zenu zote za zamani na mwombe waziingize kwenye kompyuta, wanafanya bure ukiwaomba kwa adabu. Msiende Jumatatu, foleni inafika ngazini. Na kama ni cha mkojo, wahini mapema, choo kiko kimoja kwa ghorofa zima.