Uzoefu wangu na wakala wa kutafuta wahandisi wa programu: bado sijapoa

Nimekaa na hasira hii kwa muda nikidhani itapita yenyewe. Haijapita, kwa hiyo naandika. Jina la wakala silitaji kwa sababu kuna ankara yao tunayovutana nayo mpaka leo, nitafika huko. Itoshe kusema ofisi zao ziko Masaki, kahawa yao ni nzuri kweli, na kama uko kwenye biashara ya teknolojia hapa Dar pengine walishakupigia simu.

Sisi tunatengeneza mfumo wa kukusanyia ada za shule na vyuo. Mzazi analipa kwa simu, shule inaona. Ukiambiwa hivyo unadhani ni kitu chepesi. Ngoja Januari shule zifunguliwe, wazazi wote waikumbuke ada Jumapili usiku, mitandao ya simu ielemewe, pesa ikatwe kwa mzazi halafu shuleni isionekane. Hapo ndipo unajua kama una wahandisi au una watu wenye laptopu. Shule zimeongezeka haraka, timu ilikuwa ileile, na mimi ndiye mkuu wa uhandisi, maana yake mhasibu wa shule akichanganyikiwa saa tano usiku simu inaishia kwangu. Bosi akasema tutafute wakala kabla Januari nyingine haijatukuta.

Kuna watakaouliza wakala wa nini wakati vijana wamejaa mtaani. Wahitimu wapo, sibishi. CoICT, ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Kijitonyama, wanatoa, DIT wanatoa, UDOM wanatoa, Mbeya wanatoa, Zanzibar wanatoa. Anayekosekana ni yule aliyekwishaungua mara moja mbili, aliyewahi kuamka usiku akakuta salio za watu zimeongezeka zenyewe. Huyo benki wameshamchukua, au mitandao ya simu, au amekaa kwake Goba analipwa dola na kampuni ya Ulaya na hataki hata kujua nauli ya daladala siku hizi ni shilingi ngapi. Wengine wamevuka kwenda Nairobi, ambako Microsoft walifungua kituo chao mwaka 2019 na Google wakafuata na chao. Kampuni ya ukubwa wetu inagombania wanaobaki, na wanaobaki hawasomi matangazo ya kazi.

Kwa hiyo mwanzo niliwapenda hawa watu, sifichi. Walikuja na kompyuta yao, wakanionyesha mfumo wao wa mchujo: mwombaji anafanya jaribio la dakika 90 mtandaoni, kamera imewashwa, mashine inamtazama usoni, inahesabu akitoka kwenye dirisha, mwishoni inatoa alama. Mimi mteja napelekewa waliopita tu. Ada yao ni asilimia fulani ya mshahara wa mwaka, ndiyo kawaida ya biashara hii, na aliyeajiriwa akiondoka mapema wanakutafutia mwingine. Nikaona afadhali, nitapumua.

Waliopita wakaanza kuja. Wa kwanza alikuwa kijana msafi, Kiingereza kimenyooka, akachora ubaoni mti wa data, ule mpangilio wa taarifa wenye matawi, akaugeuza juu chini kushoto kulia kama anacheza. Nikamuuliza swali langu, lilelile ninalomuuliza kila mtu: mtandao wa simu umekuletea taarifa ya muamala uleule mara mbili, unafanyaje? Akanijibu, "Haiwezi kutokea." Ndugu zangu, inatokea kila siku! Inatokea hata sasa hivi unaposoma hapa. Aliyefuata macho yake yalikuwa yanasoma kitu pembeni ya kioo, kila swali anakaa kimya kidogo kisha anamwaga aya nzima yenye nukta na mkato. Mfumo wa wakala ulimpa alama za juu kabisa. Wakaja wengine wa aina hiyo. Sina tatizo na miti ya data, lakini tangu mwaka 2015, Max Howell aliyeunda Homebrew, programu ya kusakinishia programu nyingine kwenye kompyuta za Mac, alipoandika kwamba Google wamemkataa kwa sababu ameshindwa kugeuza mti ubaoni, huku wahandisi wao wenyewe wakitumia programu yake, nilidhani watu wa ajira walishajifunza kitu.

Sasa tufike kwenye lenyewe.

Siku moja ikaingia barua pepe kwenye anwani ya jumla ya kampuni. Inaanza na shikamoo, inaomba radhi kwa usumbufu, kisha inaeleza. Binti yuko Mbeya, ameomba nafasi yetu kupitia wakala. Katikati ya jaribio umeme ukakatika. Laptopu yake betri ilishakufa zamani, kwa hiyo ikazima palepale. Akakimbia kwa jirani mwenye jenereta, akaunganisha intaneti kwa bando la simu, akarudi kwenye jaribio, akamaliza kwa muda uliobaki. Kesho yake akapata majibu: hafai, sababu ni udanganyifu. Akawaandikia wakala kuwaeleza, hawakujibu. Ndiyo akatuandikia sisi. Haombi kazi, anasema, anaomba tu lile neno liondolewe, kwa kuwa ameambiwa rekodi hiyohiyo wataiona na waajiri wengine.

Nikampigia afisa wetu pale kwa wakala. Nilikuwa mpole kabisa. Nikasema naona kuna hitilafu, binti umeme ulimkatikia, hebu mrudie. Akanijibu, "Bosi wangu, mfumo ndio umeamua, mimi siwezi kubishana na mfumo." Nikamwambia mfumo haujui umeme ni nini. Akacheka. Alicheka, jamani. Akasema, "Nikushauri kama ndugu, hawa wa mikoani ndiyo mambo yao. Leo umeme, kesho bando. Ukimwajiri utakuja kunilaumu mimi."

Sauti ya yule kaka naisikia hadi leo nikipita Masaki. Kwanza mimi mwenyewe ni wa mkoani. Pili, anayesema hivyo anaishi nchi gani? Mgao wa umeme wa mwaka 2023 kuja 2024 yeye alikuwa wapi? Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu baharini, si hata hapo Masaki watu walikaa wakitazama duara linazunguka kwenye kioo? Siku ile mfumo wao ungewaita watu wangapi matapeli, pamoja na mawaziri? Ni sawa na kumfelisha mtu jaribio la udereva kwa sababu barabara ina mashimo, halafu unaandika kwenye faili lake kwamba ni mwizi wa magari.

Na hili la faili ndilo lililonipandisha presha zaidi. Mtu kufeli jaribio ni jambo la kawaida, anafeli, anarudi. Hapa mashine imemwita mdanganyifu, hakuna binadamu aliyeangalia video hata ya dakika moja, na jina limewekwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inafanya kazi tangu Mei 2023, na humo ndani mtu ana haki zake kuhusu maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake. Nilimtajia afisa sheria hiyo. Akasema atanirudia. Hakunirudia.

Nikampigia binti simu ya kawaida, sauti tu, bila kamera. Nikamuuliza swali langu. Alinyamaza kidogo, nikasema haya, huyu naye. Kisha akasema: kwanza taarifa ikifika anaiandika ghafi kama ilivyokuja kabla ya kuigusa. Namba ya muamala anaiwekea kizuizi kwenye kanzidata, ya pili isiweze kuingia hata ikija sekunde ileile. Ikija tena, anawajibu mtandao kwamba imepokelewa bila kuongeza salio, "kwa sababu nisipowajibu wataendelea kuituma." Na usiku analinganisha orodha yake na orodha yao, ili kukamata zile ambazo hazikuletwa kabisa. Nikamuuliza amejifunzia wapi. Kwenye SACCOS ya wakulima, anasema, alipojitolea kuwarekebishia mfumo, salio la mwanachama mmoja likawa linajiongeza.

Tulimwajiri. Anafanya kazi akiwa hukohuko Mbeya. Tumemnunulia inveta na betri, na gharama yake ukiiweka kando ya ada ya wakala utacheka kama yule afisa. Januari iliyopita ilikuja, Jumapili usiku ikafika, na mimi nililala.

Hadi hapa nilikuwa nimeshaamua ni nyota moja na nisingeangalia nyuma. Lakini haki ni haki, kuna mtu mmoja pale ninayemdai shukrani. Ni mama mtu mzima, meza yake iko nyuma karibu na jiko, na nadhani mfumo wao hata nywila yake haijui. Baada ya ule ugomvi alinipigia yeye mwenyewe. Nikamwamkia, akauliza, "Mwanangu, unataka mtu wa kufanya nini hasa?" Hakuna mtu pale aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamweleza kuhusu Januari, wahasibu, salio, akasikiliza yote. Akasema kuna kijana yuko benki fulani, amechoka, mke amejifungua na zamu za usiku zinamtesa, hajaomba kazi popote lakini ukimwambia hana zamu za usiku atakusikiliza. Alimjua kwa sababu yeye ndiye aliyempeleka pale benki miaka iliyopita na bado anampigia kumsalimia. Kijana akaja, tukaongea, akaanza kazi. Ni mtu bora kabisa. Ada yake tulilipa bila kuuliza, na ningelipa mara mbili.

Kwa hiyo nikaanza kulainika. Nikasema labda nyota tatu, labda shida ni yule kaka mmoja na ile mashine yao.

Halafu ikaja ankara. Ya binti wa Mbeya! Ada kamili, asilimia yao yote ya mshahara wa mwaka, na maelezo kwamba mwombaji "alitambulishwa" na wao. Nikarudi kwenye mkataba, na kweli kipo kifungu: mwombaji yeyote aliyepitia kwao akiajiriwa na mteja ndani ya miezi 12, ada inalipwa. Yaani wamemkataa, wamemwita mdanganyifu, wamenionya nisimchukue, wamekataa kujibu barua zake, na sasa wanadai wametuletea. Nilimpigia yule kaka. Unajua alisema nini? "Bosi wangu, si amepatikana kwenye kanzidata yetu?" Nikamuuliza kama ni mdanganyifu mnamuuzaje, na kama si mdanganyifu kwa nini bado mmemwandika hivyo? Akasema hayo ni ya kitengo kingine.

Nyota tatu nimezirudisha mfukoni. Sijui niache ngapi. Kwa yule mama ningeacha zote tano, kwa waliobaki hata ile moja inaniuma. Ukiwa na haja na huna njia nyingine, nenda, lakini usiongee na wa mbele. Pita moja kwa moja mpaka karibu na jiko, amkia, eleza shida yako. Na kabla ya kusaini, kile kifungu cha miezi 12 waambie waongeze kwamba hakimhusu mtu waliyemkataa wenyewe. Wakigoma, ondoka na kahawa yao uwaachie.

Ankara iko mezani kwa mhasibu wetu. Bosi anataka tulipe yaishe, anasema mji ni mdogo. Mimi nimemwambia mhasibu asubiri barua moja kutoka kwao yenye jina la binti, inayosema lile neno limefutwa kwenye rekodi zao zote. Wakiileta, nitasaini malipo siku hiyohiyo, hata kama ni kwa meno ya juu. Wiki hii wametuma ukumbusho wa malipo. Barua haimo.