Kubandikisha Upya Breki Shuu za Beetle ya 1967: Uzoefu Wangu

Volkswagen Beetle 1300 niliyoachiwa na marehemu baba ina breki za dramu katika magurudumu yote manne: ndani ya kila dramu, yaani ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu, kuna shuu mbili, vipande vya bati vilivyopinda vinavyoisukuma kutoka ndani. Mwezi uliopita ilianza kukwaruza kila nilipokanyaga breki nikiteremka Waiyaki Way kuelekea Museum Hill hapa Nairobi, nami nikajua lainingi, yaani tabaka la kusugua lililofungwa juu ya shuu, zimekwisha.

Katika maduka ya Barabara ya Kirinyaga nilionyeshwa shuu mpya, lakini nilipozilaza kando ya zile kuukuu niliona bati lake ni jembamba na tundu la springi limekaa pengine. Basi nikazipeleka shuu zangu asilia katika karakana ndogo ya jirani inayobandua lainingi zilizolika na kufunga mpya.

Kufungua tulikufanya nyumbani, mimi na fundi wa mtaani. Nati ya ekseli ya nyuma ni ya milimita 36, na tayari nilikuwa nimeinua gari kwa jeki aliponizuia: “Mzee, lirudishe chini kwanza. Ukivuta nati hii gari likiwa juu, litakuangukia.” Ilibidi tuvishe spana bomba la maji la mita nzima ndipo ikaachia. Nati ya mbele kushoto, kwa wasiojua, ina nyuzi za kinyume, yaani hufunguka kwa kuzungushwa upande wa kukazia nati za kawaida, na kebo ya spidomita hupita katikati ya ekseli hiyo, hivyo pini yake hutolewa kwanza. Vumbi la ndani tuliliosha kwa maji ya sabuni badala ya kulipuliza, kwa kuwa lainingi za zamani nyingi zina asbesto.

Karakana ilinitoza shilingi 700 kwa kila shuu, nayo ikamaliza siku mbili baada ya siku iliyoahidi. Ripiti, yaani misumari inayoshikilia lainingi kwenye shuu, zilifungwa vizuri, vichwa vimezama chini ya uso wa lainingi. Kasoro ilikuwa kwenye mviringo. Nilipaka shuu chaki, nikaisugua ndani ya dramu, na chaki ikafutika katikati tu, kiasi cha vidole viwili, maana dramu iliyolika huwa pana kuliko ilivyotoka kiwandani. Nilipoirudisha niliambiwa kwamba itajikalisha yenyewe nikiendesha. Nilikataa, kwani hadi ijikalishe ningekuwa nasimama kwa robo ya breki. Wakazisaga zote bila malipo ya ziada, ingawa kwa uso uliokunjwa, na safari hii chaki ikafutika karibu yote.

Baada ya kufunga tulikaza vidude vya kurekebishia hadi dramu ikashika, tukalegeza hadi ikazunguka, kisha tukatoa hewa kwenye mafuta ya breki tukianzia gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na masta silinda, pampu inayosukuma mafuta ya breki, kwa gari la usukani wa kulia. Nimeendesha kilomita 400 na kurekebisha tena mara moja. Gari halivuti upande wowote.

Nitarudi kwao na shuu za Beetle ya shemeji yangu, ila nitabeba na dramu zake ili mviringo upimwe papo hapo.