Raba ya CV ya Gundi: Tazama Mshono Huu Kabla Hujalipa

Wadau, karibuni tena. Msiondoke mapema, maana kitu nilichoshika hapa kinaniudhi, na sababu ninayo mkononi. Hii ni raba ya CV, ile iliyochanwa tangu kiwandani. Unaizungushia kwenye shafti, unapaka gundi kwenye mshono, unafunga klipu. Anayekuuzia anakwambia hutafungua shafti wala nini. Gari letu leo ni Corolla 110. CV ni ile jointi ya shafti inayozungusha tairi hata likikata kona, na raba hii ndiyo inayoifunika na kutunza grisi yake.

Sogeza kamera hapa kwenye mshono. Upande huu kuna mfereji, huu kuna ulimi, vinaingiliana. Gundi inashika, ila raba iwe kavu na safi kabisa. Sasa fikirieni: raba ya zamani imepasuka, grisi imerukia mpaka rimu kwa ndani, wewe umelala chini ya gari unafuta kwa kitambaa. Kidole chenye mafuta kikigusa hapa mara moja, basi. Hii niliyofunga kwenye shafti ya mezani nimeipaka grisi kwa makusudi, kama punje ya mchele, hapa chini tu. Gundi imekaa saa 24. Nakunja jointi kama usukani umekatwa hadi mwisho. Mnaona mikunjo? Ya ndani ya kona inabanana, ya nje inavutika. Nazungusha taratibu. Kila tairi likizunguka mara moja, mshono unavutwa na kubanwa mara moja. Endelea kutazama hapa... haya, umeachia! Pale pale penye grisi.

Na hapa Mwanza ndipo panapouma. Njia za kupandia nyumba za mlimani, Mabatini, Igogo, unakata kona kali katikati ya mawe huku umekanyaga mafuta. CV ya nje, ile ya upande wa tairi, imejikunja na imebeba nguvu yote ya kupanda. Ile changarawe laini inayomomonyoka kwenye mawe ikipenya ufa, ikichanganyika na grisi, inakuwa msasa. Gololi 6 zilizo ndani ya CV zinachimba njia zake mpaka usikie tak-tak-tak.

Tuwe wakweli, mpira wenyewe si mbaya, ni mnene. Na kama umekwama Sengerema huna spana ya maana, itakuvusha daraja la Kigongo–Busisi mpaka gereji. Hapo naikubali. Kuiacha mwaka mzima, hapana.

Mpinzani wake ni ile ya silikoni inayovutika, unaipitisha juu ya CV kwa koni iliyopakwa grisi. Haina mshono, naipenda zaidi, ila shafti lazima itoke. Na ikishatoka, mimi nafunga raba nzima ya saizi ya gari. Bei? Usiulize bei ya raba peke yake, uliza kama pakiti ya grisi na klipu mbili vimo ndani. Unafuu mwingi unaishia hapo. Wa Subaru mlioandika kwenye komenti, nimewaona, CV ya ndani, ile ya upande wa giaboksi, ndiyo video inayofuata.

Sasa kazi. Gari likiwa chini kwenye tairi zake, toa pini inayozuia nati, legeza nati ya habu (kitovu cha tairi) kwa boksi namba 30. Kisha jeki na stendi, tairi nje. Boljointi ya chini inashikwa kwenye amu (mkono wa chini unaoshika tairi) kwa boliti 1 na nati 2, namba 17. Vuta habu pembeni. Shafti ikigoma kutoka, rudisha nati ya zamani isawazike na ncha, uweke ubao, ndipo ugonge, la sivyo unaharibu meno ya shafti yanayoshika nati. Usivute shafti kwa nguvu, jointi ya ndani itaachana.

CV ya nje inashikwa na ringi ndogo iliyofichwa. Piga nyundo kwenye kitovu cha ndani kinachoshika shafti, usiguse kizimba cha gololi. Ikikataa, weka alama kwenye jointi ya ndani, uifungue, upitishe raba kutoka huko.

Osha, kausha, tazama njia za gololi. Vishimo au mikwaruzo inayokamata ukucha maana yake CV imekwisha, raba mpya haitaiponya. Ukinunua CV, hesabu meno ya ndani na ya nje kabla hujatoka dukani.

Grisi iwe ile nyeusi yenye molibdeni, pakiti yote, isukumie kwenye gololi, inayobaki iingie kwenye raba. Kabla ya kufunga klipu ndogo, inua mdomo wa raba kwa bisibisi hewa itoke, usipofanya hivyo inavimba. Na jamani, waya si klipu! Unakata raba polepole, na hizi kamba za plastiki zinalegea.

Mwisho kaza nati ya habu kwa nguvu ya Nm 216 (nyutoni-mita), na pini mpya. Nati hiyo ndiyo inayobana bearingi ya habu, ndiyo maana gari halisukumwi ikiwa imelegea.

Futa rimu kwa ndani iwe safi, endesha siku 3, rudi uchungulie. Ukikuta mstari wa grisi, klipu kubwa haijabana.