Porini: moto wa kuni au jiko la gesi?

Wapiga kambi hawaishi kubishania hili. Kwa gharama, kuni zinashinda: hununui kitu wala hubebi mtungi. Ila anayelipa ni pori lenyewe. Gogo lililoanguka ni makao ya wadudu na mbolea ya miti ijayo, na juu milimani, ambako miti hukua polepole mno, mzigo mmoja wa kuni huchukua miaka mingi kurudi. Moto pia huunguza udongo. Usiuache kabla hujaumwagia maji, ukakoroga, na majivu yakawa baridi mkononi.

Gesi huwaka haraka hata kuni zikiwa zimelowa, lakini baridi huidhoofisha. Butani, mojawapo ya gesi za mitungi hii, hukoma kugeuka mvuke karibu na nyuzi 0, hivyo tafuta mtungi wenye mchanganyiko wa propani, gesi inayostahimili baridi zaidi. Mtungi mtupu urudi nao. Na kwenye ndege hauruhusiwi.

Pale miti inapokoma mlimani, mimi sikubali kuni hata kidogo. Bondeni, penye matawi makavu tele, sheria ikiruhusu na upepo ukiwa umetulia, moto mdogo mahali palipokwisha kuungua unatosha.