Tumeipima WordPress kwa macho ya anayeanza

Kabla hujaisifu wala kuiponda WordPress, ujue ni ipi unayoizungumzia, maana ziko mbili na wanaoanza huzichanganya kila siku. Moja ni programu ya bure ya kujenga na kuendesha tovuti, inayopakuliwa kutoka wordpress.org na kuwekwa kwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) uliyoikodi mwenyewe. Nyingine ni huduma ya WordPress.com ya kampuni ya Automattic: unafungua akaunti, unaanza kuandika papo hapo, na uhuru wako unapanuka au kubana kulingana na mpango unaoulipia. Tathmini hii ni ya ile ya kwanza.

Programu hii ilitoka Mei 2003, kazi ya Matt Mullenweg na Mike Little, waliochukua programu ya kublogu iitwayo b2 iliyokuwa imeachwa bila mwenyewe wakaiendeleza. Leseni yake ni GPL, yaani ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Kwa mtu anayejenga tovuti binafsi, ubora wake mkubwa uko hapa: maandishi yako yote yanakaa ndani ya hifadhidata (programu ya kutunzia data) ya MySQL au MariaDB, picha zinakaa kwenye folda ya wp-content, na vyote viwili unaweza kuvibeba ukahamia seva nyingine bila kumpigia mtu magoti. Huduma nyingi za kujenga tovuti kwa kuburuta na kudondosha hazikupi hilo. Programu yenyewe tunaipa alama za juu. Kinachotuudhi ni vile vinavyoizunguka, ambavyo mgeni hukutana navyo wiki ya kwanza, kabla hajajua kuchagua.

Kikoa, seva na saa ya kwanza

Vitu viwili hulipiwa: jina la kikoa (anwani ya tovuti yako) na nafasi kwenye seva. Afadhali uvinunue sehemu mbili tofauti, ili siku ukikosana na mwenye seva, jina lisibaki mikononi mwake. Ukisajili kikoa cha .com, .net au .org, fungua barua pepe upesi. Msajili, yaani aliyekuuzia kikoa, anakutumia kiungo cha kuthibitisha anwani yako, na usipothibitisha ndani ya siku 15 kikoa kinaweza kusimamishwa na tovuti ikatoweka. Wengi hapo hudhani wamedukuliwa. Halafu kwa siku 60 za mwanzo, kwa kawaida, huwezi kukihamishia kwa msajili mwingine.

Kwa upande wa seva, usihangaishwe na matangazo ya "nafasi isiyo na kikomo". Uliza kama ina PHP (lugha ambayo WordPress imeandikwa nayo) 8.3 au toleo jipya zaidi, MySQL 8.0 au MariaDB 10.6 kwenda juu, na cheti cha HTTPS (kinacholinda mawasiliano ya tovuti na wageni) cha bure kinachojihuisha chenyewe. Neno "chenyewe" ulisisitize, kwa sababu vyeti vya Let's Encrypt, shirika linalovitoa bure, havidumu zaidi ya siku 90, na cheti kilichokwisha humfanya mgeni apokewe na onyo jekundu la kivinjari badala ya ukurasa wako. Ukielekeza kikoa kwenye seva mpya, mabadiliko yanaweza kuchukua hadi saa 48 kuenea. Katika muda huo wewe unaweza kuiona tovuti mpya huku jirani yako akiona ya zamani, na hakuna kilichoharibika.

Usakinishaji wenyewe hutangazwa kuwa wa dakika 5, na safari hii tangazo halidanganyi. Ukitokewa na ujumbe "Error establishing a database connection", usifute kitu. Fungua faili la wp-config.php ulinganishe mistari minne: DB_NAME, DB_USER, DB_PASSWORD na DB_HOST. Kosa la kawaida ni kwamba paneli ya seva imeongeza jina la akaunti na mstari wa chini mbele ya jina la hifadhidata, nawe umeandika lile fupi ulilochagua. Jina la mtumiaji lisiwe "admin". Roboti za wadukuzi hujaribu hilo kwanza.

Menyu zitakuwa za Kiingereza usipochagua lugha nyingine, kwa hiyo hapa tunazitaja zilivyo. Kabla hujaandika hata makala moja, ingia Settings, kisha Permalinks, uchague Post name. Anwani fupi yenye maneno husomeka, hukumbukwa, na haionyeshi tarehe inayozeeka. Ukija kuibadilisha baada ya mwaka, WordPress hujaribu kubahatisha mgeni alikuwa anatafuta nini, lakini haipatii kila mara, na viungo ambavyo watu wengine walikuwekea vinaishia kwenye ukurasa wa 404 (yaani haupatikani). Ikitokea ukurasa wa nyumbani unafunguka ila kurasa nyingine zote zinasema 404, rudi hapo hapo kwenye Permalinks ubonyeze Save bila kubadilisha chochote. Mara nyingi sheria za faili la .htaccess (linaloelekeza anwani kwenye seva) huandikwa upya na mambo yanakaa sawa.

Kuna kisanduku kimoja tungependa kiwe na rangi nyekundu. Kiko Settings, Reading, na kinaziomba injini za utafutaji zisiorodheshe tovuti. Watu hukitia alama wakati wa kujenga, jambo ambalo si baya, kisha wanakisahau. Miezi inapita wakilalamika kwamba Google haiwaoni, na jibu liko kwenye alama moja ya vema. Ukiwa huko kwenye Settings, rekebisha na saa za eneo lako, la sivyo makala uliyoipangia kutoka asubuhi itafuata saa za UTC, saa ya rejea ya dunia.

Kihariri na sura

Kihariri cha bloku kilichokuja na toleo la 5.0, Desemba 2018, kilitukanwa sana kilipotoka. Kwa sasa kinafaa. Kila aya, picha au orodha ni bloku yake. Unaandika mshazari (/) kisha jina la bloku, inaingia. Maandishi yaliyonakiliwa kutoka Word husafishwa vizuri. Ila kichwa cha makala tayari ni H1, ngazi ya kwanza ya vichwa, kwa hiyo vichwa vidogo vianzie H2. Kuchagua ukubwa wa kichwa kwa sababu unapendeza kunawatatiza wanaotumia visoma-skrini.

Lawama yetu iko kwenye kubadilisha sura ya tovuti. Tangu toleo la 5.9 la Januari 2022, zipo mandhari (violezo vya sura ya tovuti) za bloku zinazohaririwa kupitia Appearance, Editor, na bado zipo mandhari za kizamani zinazotumia Customize. Mgeni anafuata video inayomwambia abonyeze Customize, haioni, anafikiri amesakinisha vibaya. Hakuna mahali dashibodi inapomweleza tofauti hii kwa lugha nyepesi, na ni aibu kwa programu yenye umri huu. Kwa kuanza tumia mandhari ya bloku iitwayo Twenty Twenty-Five na uachane na kuvinjari mandhari. Hakuna msomaji aliyerudi kwenye tovuti kwa ajili ya picha zinazoteleza juu ya ukurasa.

Programu jalizi, hapa ndipo penye shughuli

Orodha rasmi ina makumi ya maelfu ya programu jalizi, yaani nyongeza zinazoipa WordPress kazi mpya, na hiyo ndiyo nguvu ya WordPress na ndiyo balaa lake. Programu jalizi si pambo. Ni msimbo wa PHP unaofanya kazi kwa mamlaka yale yale ya WordPress yenyewe: unasoma hifadhidata yote, unaweza kuandika faili, na hakuna ukuta unaoutenga. Moja yenye tundu inatosha kuifungua nyumba nzima. Ndiyo maana zile za kulipia zinazogawiwa bure mitaani, zilizovunjwa leseni, hatuzipendekezi hata kwa majaribio. Hujui nani ameongeza nini ndani.

Kabla ya kubonyeza Install Now, tazama ilisasishwa lini mara ya mwisho, na kama kuna onyo kwamba haijajaribiwa na matoleo makuu 3 ya karibuni. Kisha fungua sehemu ya msaada uone kama mwenyewe anajibu watu. Nyota 5 peke yake hazina maana.

Ni zipi za lazima? Chache kuliko unavyoambiwa. Ramani ya tovuti kwa injini za utafutaji na upakiaji wa picha kwa kuchelewa (hadi msomaji azifikie) vimo ndani tangu toleo la 5.5 la Agosti 2020, hivyo usiongeze programu jalizi kwa kazi hizo. Moja ya nakala rudufu, moja ya kuzuia taka kwenye maoni kama utayaruhusu, na moja ya kutuma barua kupitia SMTP, njia ya kawaida ya kutumia seva ya barua pepe. Hiyo ya tatu hupuuzwa, na kumbe ndiyo inayookoa. Kwa kawaida WordPress hutuma barua kwa njia ya PHP ya seva, bila uthibitisho wa SPF wala DKIM (unaoonyesha kwamba barua kweli imetoka kwako) uliopangwa kwa kikoa chako, kwa hiyo ujumbe wa fomu ya mawasiliano huangukia kwenye taka au hupotea kabisa. Mwenye tovuti anabaki akidhani hakuna anayemwandikia.

Programu jalizi mbili za kashe (zinazohifadhi nakala za kurasa ili zifunguke haraka) kwa pamoja ni ugomvi wa uhakika: unabadilisha ukurasa, wageni wanaendelea kuona wa jana. Na vile vijenzi vya kurasa vinavyovutia kwa kuburuta vitu, ukivizima huacha vijisimbo vyao katikati ya maandishi yako, hata kuhama kukawa adhabu.

Siku tovuti ikigeuka nyeupe au ikasema kuna "critical error", chanzo mara nyingi ni programu jalizi iliyosasishwa. Tangu toleo la 5.2, WordPress humtumia msimamizi barua yenye kiungo cha kuingilia kwa hali ya uokoaji, lakini kama barua za seva hazifiki, na hiyo pia haifiki. Basi ingia kwenye kidhibiti faili cha seva au FTP (njia ya kufikia faili za seva kutoka kompyuta yako), fungua wp-content, na badilisha jina la folda ya plugins liwe plugins-zima. Ingia kwenye dashibodi, fungua ukurasa wa Plugins ili WordPress yenyewe igundue kwamba hazipo na kuzizima. Rudisha jina la folda, kisha washa moja baada ya nyingine huku ukiifungua tovuti kila unapowasha. Itakayoiangusha ndiyo mkosaji. Tovuti ikikwama kwenye ujumbe wa matengenezo baada ya sasisho lililokatika, futa faili la .maintenance lililo kwenye folda kuu. Faili hilo hufichwa, kwa hiyo ruhusu kwanza kuonyeshwa kwa faili zilizofichwa.

Picha na ukuaji

Picha ya simu yenye upana wa pikseli 4000 ina megabaiti kadhaa. Ukiipakia hivyo hivyo, WordPress inatengeneza nakala isiyozidi pikseli 2560, inaongeza nyingine za 2048, 1536, 1024, 768, 300 na 150, na bado inaitunza ya asili. Picha moja imekuwa faili 8, na mandhari yako inaweza kuongeza vipimo vyake. Kwenye seva zenye kikomo cha idadi ya faili, nafasi hukuishia huku kipimo cha diski kikionyesha bado ipo. Punguza picha iwe na upana wa pikseli 1600 kabla ya kupakia, kwa JPEG ya ubora wa 75 hadi 80 au WebP (aina nyingine ya faili la picha), na ulenge chini ya kilobaiti 200. Google inataka kitu kikubwa kinachoonekana kwanza kwenye ukurasa kiwe kimetokea ndani ya sekunde 2.5, na kwenye tovuti binafsi kitu hicho karibu kila mara ni picha ya juu.

Kuhusu kukuza tovuti, WordPress inakufikisha mlangoni tu. Thibitisha kikoa kwenye Google Search Console (chombo cha Google kwa wenye tovuti) kwa rekodi ya TXT (mstari wa maandishi kwenye mipangilio ya kikoa), wasilisha anwani ya wp-sitemap.xml (ramani ya tovuti), kisha subiri. Kuorodheshwa huchukua siku au wiki kadhaa. Mazoea ya kubandika lebo 10 kwa kila makala yanadhuru, kwani kila lebo huzaa ukurasa wake wenye makala moja tu ndani. Kategoria 3 au 4 zinatosha, na viungo vya makala kwa makala vina kazi kubwa kuliko lebo zote hizo. Baada ya miezi mitatu soma kwenye Search Console maneno ambayo watu waliyatafuta wakaonyeshwa ukurasa wako bila kuubofya: hapo rekebisha kichwa cha makala kilingane na swali lao, au andika makala inayojibu lile ambalo hujaligusa.

Nakala rudufu na kuhama

Chombo cha Tools, Export hutoa faili la XML ambalo wengi hulihifadhi wakilala usingizi. Ndani yake hamna picha, kuna anwani zake tu. Wakati wa kuingiza, tovuti mpya huzifuata kwenye ile ya zamani, na kama ya zamani imeshazimwa, umezikosa. Nakala ya kweli ni hifadhidata yote, folda ya wp-content na faili la wp-config.php, ikihifadhiwa nje ya seva hiyo hiyo. Irejeshe mara moja kwenye tovuti ya majaribio uone kama inafunguka.

Nani tusingemshauri WordPress? Mwenye kurasa 3 zisizobadilika: wasifu, kazi zake na mawasiliano. Huyo anajibebesha PHP, hifadhidata na sasisho za kila mwezi bila faida. Kurasa za HTML tupu, au zilizotengenezwa na Hugo (programu inayozalisha kurasa hizo) na kuwekwa GitHub Pages (huduma ya kuhifadhi tovuti), hazina ukurasa wa kuingilia wa kushambuliwa wala hifadhidata ya kuharibika. Kikomo cha tovuti huko ni gigabaiti 1, na kurasa 3 hazitakifikia hata akijaza picha. Ila kila badiliko, hata la koma, litampitisha kwenye faili na Git (programu ya kufuatilia mabadiliko ya faili), kwa hiyo anayepanga kuandika kila wiki akiwa kwenye simu abaki na WordPress.